Fundi, laptop mpya inalia dao360.dll, stoo ya mzee imepotea?

SWALI: Shikamoo fundi. Mzee wangu ana duka la hardware hapa Morogoro, stoo na madeni ya wateja yote yako kwenye programu aliyotengenezewa enzi za Windows XP, faili la data linaishia na mdb. Juzi tumenunua laptop ya Windows 10 nikahamishia kila kitu kwa flashi, sasa nikifungua inataja dao360.dll halafu inajifunga. Nimeona saiti inatoa hiyo faili bure, niidownload?
Kijana wa Hardware

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usidownload! Hizo saiti za kugawa dll moja moja huwezi kujua wamekuwekea nini ndani, na dao360 haina haja ya kutafutwa huko kwa sababu inakuja na Windows yenyewe.

Kwanza mtoe mzee presha. Madeni yake hayako kwenye dll, yako kwenye ile mdb. Kopi mdb weka flashi nyingine kabla hujagusa chochote.

Dll ni kama kinu cha uani kwenye nyumba ya kupanga, kimoja tu lakini kila mpangaji anatwangia. Dao360 ni kinu cha kufungulia mafaili ya Access, programu ya Microsoft ya kutunza data, ya aina ya Jet 4.0, yaani Access 2000 mpaka 2003, na programu nyingi za maduka za wakati ule zilitwangia humo humo. Windows nayo ina daftari lake la kuonyesha kinu kiko wapi, sasa mara nyingi kinu kipo ila kwenye daftari hakijaandikwa, au kuna programu ilipofutwa ikaondoka na lile andiko.

Nenda C:\Program Files (x86)\Common Files\Microsoft Shared\DAO uangalie. Ukiikuta, fungua Command Prompt kwa kubonyeza kulia na kuchagua administrator, bila hivyo itagoma, kisha andika amri hii ya kukiandika kinu kwenye daftari:

C:\Windows\SysWOW64\regsvr32 "C:\Program Files (x86)\Common Files\Microsoft Shared\DAO\dao360.dll"

Hizo alama za nukuu usiziache, maana Program Files ina nafasi katikati, ukiziacha kompyuta inasoma mpaka Program inakomea hapo halafu inakuambia haijaona kitu, na wewe unabaki unalaumu laptop. Na usishangae jina SysWOW64, Microsoft walitupangia kinyumenyume, humo ndimo zinakaa za biti 32, za biti 64 ziko System32. Dao360 ni ya biti 32 tu, ya 64 haijawahi kutoka, kwa hiyo anayekuambia utafute ya 64 anakupotezea bando.

Kama folda halina kitu, kwenye hiyo hiyo Command Prompt andika sfc /scannow uiache imalize, inarudisha mafaili ya Windows yaliyopotea.

Ila kama mnaifungulia ndani ya Access yenyewe na ni ya biti 64, hapo regsvr32 haisaidii. Bonyeza Alt na F11, ingia Tools, References, mstari wenye neno MISSING toa tiki, weka tiki kwenye Access database engine Object Library. Ikigoma hata hapo nitumie picha ya skrini, lakini funika majina ya wadaiwa.