Ini ndilo limeharibika, mbona chembe sahani ndizo zinashuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea stashahada ya maabara, mwaka wa pili. Mama yangu mdogo ana ini lililosinyaa kwa sababu ya homa ya ini B. Picha kamili ya damu inaonyesha chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) 58,000 kwa maikrolita, wakati kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Tumefundishwa kwamba chembe hizi hutengenezwa kwenye uboho, na uboho wake tumeambiwa hauna shida. Ini linaingiaje hapa? Na hakuna dawa ya kuziongeza?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mwalimu wako hakukosea. Uboho ndio kiwanda, ila kiwanda hicho husubiri oda, na oda kubwa hutoka kwenye ini.

Oda yenyewe ni homoni iitwayo trombopoietini. Watafiti waliipa jina mwaka 1958 wakiwa bado hawajaitia mkononi. Ikapatikana 1994, makundi kadhaa yakiifikia karibu kwa wakati mmoja. Figo na uboho navyo huitengeneza, ila kidogo. Homoni hii hunasa kwenye kipokezi kilicho juu ya megakaryositi, seli kubwa kuliko zote za uboho, ambayo hurudufu kromosomu zake bila kugawanyika, pengine hadi seti 64. Ikishapevuka hupenyeza vidole vyembamba ndani ya mishipa ya damu ya uboho, na mkondo wa damu huvikata vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo chembe sahani. Mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kwa siku, maana kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu.

Sasa tazama namna kiasi kinavyopimwa, maana wanafunzi wengi hukwama hapa. Wengi hudhani ini huhesabu chembe, zikipungua linaongeza homoni. Kwa sehemu kubwa sivyo. Ini huitoa kwa kiwango karibu kile kile siku zote, na chembe sahani zenyewe huinasa na kuimeza. Ni kama sufuria moja ya pilau shughulini: wageni wakijaa, chakula huisha kabla ya kuwafikia wapishi jikoni, wageni wakiwa wachache, wapishi wanakula na kusaza. Chembe zikipungua, homoni nyingi hubaki huru na kuufikia uboho.

Vipo vichocheo vingine. Panya waliozalishwa bila trombopoietini hubaki na chembe kama asilimia 10 hadi 15 za kawaida, kwa hiyo si yenyewe peke yake. Na kwenye magonjwa ya muda mrefu yanayoamsha kinga ya mwili, kama kifua kikuu, intalukini-6 (kemikali ya kinga hiyo) hulisukuma ini kutoa homoni zaidi. Ndiyo maana maabara utakutana na mgonjwa wa kifua kikuu mwenye chembe 600,000.

Kwa mama yako mdogo, ini lililojaa makovu linapika pilau kidogo. Halafu makovu hayo huzuia damu kupita, bandama inavimba. Bandama yenye afya huhifadhi theluthi moja ya chembe. Iliyovimba huweza kushikilia nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo hata akiongezewa chembe, nyingine zitaishia humo.

Dawa zipo. Avatrombopagi na lusutrombopagi huamsha kipokezi kile kile, na Marekani iliziidhinisha mwaka 2018 kwa wagonjwa wa ini wanaojiandaa kwa upasuaji au kipimo cha kuchomwa sindano ndani ya mwili. Huanzwa zaidi ya wiki moja kabla, kwa sababu megakaryositi huhitaji muda kupevuka. Hazinywewi ili tu namba ipendeze: dawa ya kundi hilo, eltrombopagi, ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa ini, baadhi waliganda damu kwenye mshipa mkuu wa ini na utafiti ukasimamishwa.

Kwa hiyo kama hatoki damu na hana upasuaji karibu, 58,000 isiwakoseshe usingizi. Mimi ningehangaikia zaidi mishipa ya umio, ambayo huvimba kwa presha ile ile iliyovimbisha bandama. Mwulizeni daktari wake kuhusu kipimo cha kamera, na kama ameshaanzishiwa dawa ya kudhibiti kirusi, mfano tenofovir. Asitumie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni. Akitapika damu au akipata choo cheusi kama lami, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.