Sanamu yenye mota iuze na spea yake

Kalooli wangu wa kwanza alikufa kwa joto. Namsema yule korongo mwenye kipara anayezoa takataka Kampala nzima. Nilimuunda kwa madebe na spoku za baiskeli, shingo ikiinama kuokota chupa ya plastiki, ikiinuka, ikiinama tena. Mota niliichomoa kwenye printa mbovu. Hoteli moja ikamnunua, nikapiga picha, nikala hela.

Wiki ya tatu, simu: ndege wako amesimama. Nikapanda taksi hadi Entebbe, nikamfungua tumbo, harufu ya kuungua ikanipiga usoni. Mota ile ya printa huzunguka hatua kwa hatua, na hata ikitulia umeme unaendelea kupita ndani yake ili kuishikilia shingo isianguke. Mimi kwangu nilikuwa nikimwasha nusu saa tu. Wao walimwacha usiku na mchana. Nilirudi mara nne, nauli yangu, mota yangu, maana mkataba wetu ulikuwa kupeana mikono.

Vijana wakiniuliza waanzie wapi kuunda sanamu zinazosogea, hutegemea niwatajie programu au bodi ya Arduino, kile kibao cha umeme kinachoiamuru mota. Hiyo utaizoea kwa mwezi. Nenda kwanza Katwe, mtaa wa mafundi chuma hapa Kampala, kaa na wachomeleaji, chafuka. Mzee mmoja huko aliitazama shingo yangu akacheka: "Mwanangu, yote hii inabebwa na kamota haka?" Akafunga kipande cha chuma upande wa pili, kama mizani. Shingo ikabaki inaelea yenyewe, nami nikaweza kuzima mota kila ndege anapotulia.

Na tusidanganyane kuhusu mazingira. Kuokota vyuma chakavu hakumfanyi mtu mtunza mazingira. Shaba niliyokuwa nikiinunua kwa bei poa ilitoka kwa vijana wanaochoma nyaya, moshi mweusi wote vifuani mwao. Siku hizi nanunua waya na ganda lake, namenya mwenyewe kwa kisu. Vidole vimejaa chale.

Kalooli wa tatu aliondoka na mota ya akiba, kopo la grisi na karatasi yenye sahihi mbili: saa sita kwa siku, grisi kila Jumatatu, nikiitwa zaidi ya mara mbili kwa mwaka mnalipa. Aliyeishika karatasi ile sawasawa ni askari wa getini. Shingo ikianza kulia hunirekodia mlio wake kwa WhatsApp, na kabla sijajibu ananiandikia: nishaipaka.