Nimepata kazi, sasa hawataki vitambaa vyangu

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Mbagala. Nilikaa miaka miwili bila ajira, na Oktoba nikapata kazi ya ukarani wa stoo. Kila Desemba naenda kwetu Marangu na vitambaa na kofia nilizofuma mwenyewe. Mwaka huu kaka yangu ameandika kwenye grupu la familia: "Sasa una mshahara, usituletee tena vile vya uzi." Wengine wakacheka. Mama hakusema kitu, ingawa seti niliyomfumia 2021 bado ameitandika sebuleni, anaitoa siku ya kufua tu. Mshahara wa kwanza umeishia kwenye kodi ya miezi mitatu. Rafiki yangu ananishauri nikope kwenye simu ninunue vitenge vya wote. Mimi nimeanza kufuma usiku, lakini juzi nilisinzia kazini na bosi akaniona. Dada naye amejifungua mwezi uliopita. Nifanyeje?
Mfumaji, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hongera ya kazi ipokee kwanza, maana umeisubiri miaka miwili.

Usikope. Hilo nalisema kwa nguvu zote. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilichukua mkopo wa kausha damu ili nifike nyumbani nimebeba mikono miwili, na Pasaka ikanikuta bado nalipa. Hao wa kwenye simu wana lao pia: ukichelewa siku mbili, wengine wanawatumia ujumbe watu wote uliowahifadhi, mpaka bosi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Vitenge vya Krismasi havistahili aibu hiyo.

Sasa tuje kwenye uzi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale pale: mama anaitoa seti siku ya kufua tu. Wewe umesikia kicheko cha grupu, mimi nimemwona mama aliyetandika kazi ya mikono yako tangu 2021. Aliyevikataa vitambaa ni kaka yako. Basi kaka asifumiwe. Mpelekee kilo mbili za sukari, anywe chai.

Ila usiku wako siwezi kuutetea. Wewe mwenyewe unajua kitambaa kimoja cha mgongo wa kochi kinakula jioni ngapi. Tuseme ni nne. Kochi la watu saba ni jioni 28, bado hujagusa vya mikononi wala cha meza, na hapo una dada, shangazi, wifi na watoto wao. Ulipokuwa nyumbani ulikuwa na mchana mzima. Sasa mchana una mwenyewe, na mtu wa stoo akisinzia akakosea hesabu ya mzigo, kazi inaondoka. Mwaka huu fuma vitu viwili tu. Cha kwanza ni kitambaa cha meza cha mama, kiende na ile seti yake. Kifume saa ya mapumziko ya mchana na Jumapili, na ikifika saa nne usiku sindano iwe imelala. Cha pili ni kofia ya mtoto wa dada. Hiyo iache uifume ndani ya basi: kutoka Mbezi mpaka Moshi ni siku nzima umekaa, na kofia ya kichanga haimalizi hata njia. Asubuhi za huko juu migombani zina baridi, mtoto ataivaa siku hiyo hiyo.

Kuhusu safari yenyewe, zungumza na bosi wiki hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini aliye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Wewe una miwili. Kwa hiyo unaomba, hudai, na baada ya lile la kusinzia ni vizuri akuone umekuja mapema na tarehe mkononi. Akikupa tarehe 25 na 26 tu, pima kama safari inawezekana kabla hujakata tiketi.

Kwenye grupu usijibu. Mpigie mama, mwambie kama ninavyokuandikia: "Mama, mshahara wa kwanza umelipa kodi, sasa nalala bila wasiwasi wa mwenye nyumba. Nakuja na sukari na kitu chako kimoja nilichokifuma. Mengine mwakani." Mama wa Kichaga akisikia mwanawe amelipa kodi miezi mitatu mbele, hatauliza vitenge. Na kaka akirudia maneno yale mbele ya watu, utakuwa umeketi sebuleni kwa mama, kwenye kochi lenye vitambaa vyako.

Kabla hujaanza, muulize mama kipimo cha meza.