Kuishi na Tatami: Jihadhari na Unyevu

Kwa yeyote anayehamia Japani na kupanga nyumba yenye chumba cha tatami, yaani chumba ambacho sakafu yake ni mabamba ya mikeka ya Kijapani, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba sakafu hiyo inahitaji hewa kuliko inavyohitaji maji na sabuni. Nimelala na kula juu ya tatami kwa miaka kadhaa mjini Kyoto, na karibu kila uharibifu nilioushuhudia ulianzia kwenye unyevu.

Tatami haikunjwi kama mkeka wetu wa ukindu. Ni bamba zito lenye unene wa sentimita 5 hivi, ambalo kiini chake cha asili ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa na kushonwa pamoja, ingawa siku hizi hutumika pia mbao zilizosagwa na povu la plastiki. Juu yake hutandazwa mkeka uliofumwa kwa igusa, mmea unaolimwa majini, hasa katika mkoa wa Kumamoto. Igusa hunyonya unyevu wa hewani na kuutoa tena hewa inapokauka, na ndiyo maana chumba chake hupendeza wakati wa joto. Lakini katika majira ya mvua ya Juni na Julai, madirisha yakifungwa mchana kutwa, kuvu huota upesi.

Kwa hiyo kunja godoro lako jembamba la kutandika sakafuni kila asubuhi na kuliweka kabatini, kwa kuwa jasho la usiku hushukia kwenye tatami. Usitandike zulia juu yake, hata likiwa zuri namna gani, kwani chini ya zulia ndipo utitiri hustawi. Fagia kwa kufuata mwelekeo wa ufumaji, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Ukiona kuvu, pangusa kwa spiriti badala ya maji, halafu acha chumba wazi kikauke kabisa. Viatu, na hata ndara za ndani, huachwa nje ya chumba.

Mkeka wa juu ukichakaa, fundi wa tatami huweza kuugeuza, na miaka ikipita akaubadilisha bila kugusa kiini. Baadhi ya mikataba humtoza mpangaji gharama hiyo anapohama, hivyo isome vizuri kabla ya kutia saini, na siku ya kuingia piga picha kila bamba, hasa karibu na dirisha, umwonyeshe mwenye nyumba madoa uliyoyakuta kabla hujaingiza vyombo vyako.