Kichekesho cha Mchaga na sarafu

Ndugu MC, umeuliza kama kile kichekesho cha Mchaga aliyezimia akaamka kwa mlio wa sarafu kinafaa kwenye harusi ya Moshi. Mimi ningekibadilisha. Wahehe na Wangoni hutaniana mpaka msibani kwa sababu ni watani, na kila upande una haki ya kujibu. Wewe una maikrofoni, wageni Wachaga wamekaa tu mezani. Tena kinachochekesha pale ni pesa kumzindua mtu. Kabila halichangii chochote. Nafasi ya Mchaga mpe mweka hazina wa kamati ya harusi: amezimia, kamwagiwa maji, wapi! Mtu ananong'ona, "Ahadi ya mjomba imelipwa." Anafumbua jicho moja: "Taslimu au kwa simu?" Ila mwombe ruhusa mapema, atatajwa mbele ya ukumbi mzima.