Maswali ya wasomaji: Fedha ya bahari inapotelea wapi?

Barua za safari hii zimetoka Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, Kilwa, Paje, Songosongo, Tanga na kwingineko. Nyingine zilikuwa ndefu, nimezifupisha bila kugusa kiini chake. Nyingi zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: kama bahari ya Tanzania ni tajiri hivyo, mbona anayeishi kwayo hautii mkononi huo utajiri?

Kila siku tunaambiwa uchumi wa buluu, uchumi wa buluu. Mbona jodari wanaofika mnadani hapa Feri ni wachache, na wa makopo madukani wametoka nchi za nje? (Mchuuzi wa samaki, Dar es Salaam)

Dada yangu, nitalikalia swali lako kuliko mengine yote. Pwani yetu ina urefu wa kilomita 1,424 hivi. Ukitoka ufukweni hadi maili 200 za baharini, eneo ambalo Tanzania ina haki ya kuvuna na kusimamia ni kama kilomita za mraba 223,000, karibu robo ya ukubwa wa nchi kavu yote. Lakini wavuvi wetu wengi wana mitumbwi, ngalawa na mashua za mbao. Wanavua miambani na karibu na miamba, wanalala nyumbani. Jodari wakubwa wanapita kule mbali, na wanaowafuata ni meli za kigeni zenye nyavu za kuzungushia au mishipi mirefu ya maelfu ya ndoana.

Meli hizo zinakata leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Zanzibar na inayofanya kazi kwa pande zote mbili za Muungano. Zikishajaza, zinagandisha samaki humo humo ndani na kwenda kuwashusha kwenye bandari zilizojiandaa, kama Victoria ya Shelisheli, ambako viwanda vya makopo vipo. Sisi tunabaki na ada ya leseni. Ni kama mwenye shamba la miembe anayelipwa kiingilio cha getini, huku embe, juisi na ajira ya kukamua vikienda kwa jirani.

Na wapo wasiolipa hata kiingilio. Wengi mnaikumbuka meli ya Tawariq 1, iliyokamatwa Machi 2009 ikivua kwenye maji yetu bila kibali. Ilikuwa na karibu tani 300 za jodari, wale ambao watu waliwabatiza "samaki wa Magufuli" kwa kuwa ndiye aliyekuwa waziri wa uvuvi. Hukumu ya kwanza ilitoka mwaka 2012, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaibatilisha. Kwangu mimi somo la kesi ile ni kwamba kukamata meli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ushahidi, taratibu na mawakili, na hiyo haihitaji boti ya doria.

Sasa kinachofanyika ni nini? Sheria mpya ya bahari kuu ilipitishwa mwaka 2020 kuchukua nafasi ya ile ya 1998. Kilwa Masoko inajengwa bandari ya uvuvi, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Shirika la uvuvi, TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974 na kufa baadaye, limefufuliwa. Naunga mkono yote. Ila wanaopigia debe kiwanda cha makopo kije kesho nawaomba subira. Jodari ni msafiri, hakai kwetu mwaka mzima. Kiwanda kinachokosa samaki miezi kadhaa kinakufa na deni lake. Itangulie gati yenye kina, maji safi, umeme usiokatika na maghala ya baridi, ili meli ione faida ya kushusha kwetu. Samaki wakishazoea njia ya Kilwa, kiwanda kitajengwa na mwenye fedha zake bila kubembelezwa.

Mnunuzi wangu kila mara ananishusha bei akisema samaki wamelegea. Mimi barafu natia. Nakosea wapi? (Nahodha wa mashua, Kilwa)

Nahodha, uliandika kwamba mnatoka na barafu ya kutosha kujaza "robo ya kasha". Hapo ndipo penye tatizo. Kwa joto letu, kipimo cha kuaminika ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na kama safari inavuka siku moja, ongeza. Barafu iwe imesagwa, maana bonge kubwa linagusa samaki sehemu chache na kumchubua. Tandika chini, panga samaki, funika, panga tena, malizia na barafu juu. Acha tundu la kutolea maji, kwa sababu maji yaliyochanganyika na damu yakituama ndiyo yanayooza mzigo kutoka chini.

Faida yake ni hii. Samaki aliyekaa juani kwenye mashua anaweza kuharibika kabla siku haijaisha. Yule yule, akiingia kwenye barafu mara tu anapotolewa majini, anakaa wiki mbili na zaidi akiwa mzuri, kwani bakteria waliozoea maji ya moto wanazubaa kwenye baridi. Tofauti ya bei unayolalamikia inaundwa katika saa mbili au tatu za mwanzo, na hizo ziko mikononi mwako, si mwa mnunuzi.

Kwa jodari, vibua na jamaa zao kuna jambo zito zaidi. Wakikaa kwenye joto, nyama yao inatengeneza histamini, sumu inayomfanya mlaji awashwe, avimbe uso, aumwe kichwa na kuhara. Kupika hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, na hata kumgandisha baadaye hakuiondoi. Soko la Ulaya halikubali sampuli yoyote ya samaki hao ivuke miligramu 200 kwa kilo. Mzigo ukifeli kipimo hicho, kosa lilitendeka baharini, siku nyingi kabla ya maabara.

Wavuvi wa pwani wakumbuke yaliyowapata wenzetu wa Ziwa Victoria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wao kwa sababu za usafi na usalama. Viwanda vilisimama, na aliyekuwa msafi alifungiwa pamoja na mchafu. Ilibidi zijengwe taratibu za ukaguzi na maabara, ikiwemo ya Nyegezi, Mwanza, mpaka imani irudi. Soko la nje linawatazama wavuvi wote kama kapu moja.

Najua utaniuliza barafu inatoka wapi. Ni haki yako kuuliza. Vijiji vingi vya wavuvi havina mashine, na inayotoka mjini inayeyuka njiani. Kama kuna fedha ya umma ya kusaidia uvuvi mdogo, mimi ningeanza na mashine ya barafu inayotumia umeme wa jua kwenye kila mwalo mkubwa kabla ya kugawa boti nyingine. Boti zaidi bila barafu ni samaki wengi zaidi wa kuozesha.

Mwani mnene umekataa kabisa kwetu, unakatika na kuoza. Mwembamba unaota lakini bei haifai. Niache? (Mkulima wa mwani, Paje)

Mama, usiache kabla hujajaribu mambo mawili. Nitaeleza kwanza linalokusibu, maana wengi wanadhani ni mkosi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na kikaleta fedha mikononi mwa wanawake ambao hawakuwa na njia nyingine. Mwani mnene una utomvu mzito unaotakiwa na viwanda vya chakula na vipodozi, ndiyo maana bei yake iko juu. Lakini hauvumilii joto. Maji ya ndani ya mwamba, yale yanayofika magotini wakati wa bamvua, yamekuwa ya moto kupita uwezo wake. Ukiona ncha zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chokaa kisha zinakatika, ndiyo maradhi yenyewe.

La kwanza ni kuuhamishia kwenye maji makubwa, kwa kamba zinazoelea zilizofungwa nanga. Kule ni baridi zaidi na mnene unaota. Taabu ni kwamba panahitaji boti na mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa mwani hawakufundishwa kuogelea. Hili linaniuma, kwa sababu bila mafunzo hayo mwani wa maji makubwa utageuka kazi ya wanaume, na walioujenga tangu 1989 watabaki kufunga taitai, vile vikamba vya kushikiza mwani, kwa ujira. Undeni kikundi, ombeni mafunzo ya kuogelea pamoja na boti, msikubali kimoja bila kingine.

La pili ni kutouza wote ukiwa mkavu ghafi. Anayewapa kamba na pegi mara nyingi ndiye anayenunua, na anayekukopesha ndiye anayepanga bei. Sabuni, unga na krimu za mwani mwembamba zinatengenezwa na vikundi vya Zanzibar tangu miaka ya 2000. Hazitamaliza mzigo wako wote, nakwambia ukweli, lakini sehemu ndogo ikiuzwa hivyo inakupa nguvu ya kusema "hapana" kwa mnunuzi. Na uanike kwenye chanja, si mchangani.

Kijiji kimefunga mwamba wa pweza miezi mitatu. Siku ya kufungua wanakuja watu kutoka kila kisiwa, wanabeba, wanaondoka. Sisi tumefaidi nini? (Songosongo)

Kufunga kwenyewe ni sahihi. Pweza wa miambani anaishi mwaka mmoja na ushei tu, na akiwa mdogo anakua kwa kasi ya ajabu. Ukimwacha miezi miwili mitatu uzito unazidi maradufu. Ndiyo maana kanuni zinakataza kuvua pweza wa chini ya gramu 500. Wenzetu wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga mwaka 2004, na mtindo ukaenea hadi Kilwa, Mafia, Unguja na Pemba.

Mnachokosa ni utaratibu wa kufungua. Mwamba ulionenepeshwa kwa miezi mitatu ukivamiwa asubuhi moja, bei inaanguka kwa kuwa mzigo wote umekuja pamoja, na mawe yanapinduliwa hovyo. Kaeni na kikundi chenu cha usimamizi wa uvuvi muweke kwenye sheria ndogo nani anaingia, kwa siku ngapi na kwa mchokoo (kijiti cha kuchokolea pweza) wa aina gani. Mpatane bei na mnunuzi kabla, si ufukweni. Na wanawake wanaochokoa kwa miguu wakati wa maji kupwa wapewe siku yao kabla ya wapiga mbizi. Wao ndio waliolala njaa mwamba ulipofungwa.

Nimestaafu, nataka kufuga kaa au jongoo bahari. Kipi kinalipa? (Msomaji wa Tanga)

Kabla ya kulipa, hesabu mbegu. Kaa wa mikoko ana soko zuri, hasa akisafirishwa hai kwenda China, lakini wafugaji wengi wananenepesha kaa wachanga waliokamatwa mikokoni. Wakizidi, mikoko inabaki tupu na vizimba vyenu vinafuata. Tena kaa hula wenzake, kila mmoja lazima awe na chumba chake, na anataka kulishwa kila siku.

Jongoo bahari halishwi, anasafisha mchanga mwenyewe. Lakini kwa Bara uvunaji wa majongoo ya mwituni ulipigwa marufuku miaka mingi iliyopita baada ya kuvunwa kupita kiasi, kwa hiyo ni lazima upate vifaranga vya kutotoleshwa na kibali. Zanzibar kuna kituo cha kutotolesha Beit el Ras, nenda kajifunze huko kabla hujagusa kiinua mgongo. Na uwe na mlinzi, kwani jongoo hakimbii mwizi.

Mabomu ya kuvulia samaki yamekwisha kweli? (Mwalimu, Tanga)

Yamepungua sana tangu operesheni za miaka ya 2016 na kuendelea. Nisingetumia neno "kwisha". Mwamba uliopigwa baruti unabaki kifusi kinachoviringishwa na mawimbi, na matumbawe machanga hayashiki mahali panapotikisika. Inachukua miongo. Wafundishe watoto dalili za samaki wa bomu: uti wa mgongo umevunjika, damu imevia pembeni yake, nyama teketeke ingawa macho bado yanang'aa. Mama akijua hilo sokoni, asimnunue.

Dagaa wangu wakipata mvua siku mbili tu, wateja wa Kongo wanakataa. Nifanyeje msimu wa masika? (Mkaushaji dagaa, Unguja)

Dada, chumvi ya kutosha wakati wa kuchemsha, chanja iliyoinuka kiunoni, na banda la nailoni angavu linalopitisha hewa. Banda kama hilo likijengwa na mtu mmoja ni ghali, watu kumi ni jepesi. Kingine, mkubaliane na wenye boti. Siku za giza la mwezi, dagaa wanapomiminika usiku mmoja kuliko chanja zenu zinavyobeba, ndipo wanaoza kwa ndoo. Nahodha akijua mna nafasi ya ndoo ngapi, atapeleka nyingine sokoni zikiwa mbichi, na hamtalazimika kununua mzigo ambao mvua itauchukua.