Kabla ya kuhesabu spika, fuata njia ya sauti

Mdogo wangu unayeanza ufundi wa hom thieta hapa Mtwara, utaona mapema kwamba msimu wa korosho ni msimu wetu pia. Wakulima wakishalipwa, maboksi yenye "5.1" kubwa ubavuni yanaanza kuingia majumbani, na baada ya wiki moja simu zinalia. Lalamiko ni lilelile: "Fundi, spika za nyuma zinatoa kilekile cha mbele."

Niliitwa nyumba moja Shangani kwa jambo hilo. Spika tano, sabufa moja, waya zimepita vizuri ukutani. Nikabandika sikio kwenye spika ya kati filamu ikiwa inaendelea: maneno, muziki, ngurumo za gari, vyote sawasawa na spika ya kulia. Nilipougeuza mtambo nikakuta waya wa pini mbili, nyekundu na nyeupe, umetoka kwenye deki. Pini hizo hubeba chaneli, yaani njia za sauti zinazojitegemea, mbili tu: kushoto na kulia. Mtambo ulikuwa unazinakili chaneli hizo kwenda kila spika. Nikaweka waya wa HDMI, unaobeba picha na sauti za chaneli nyingi, nikaingia kwenye menyu ya deki, nikatoa sauti kwenye PCM (deki inaifungua yenyewe) nikaiweka bitistrimu (inakwenda ikiwa imefungwa, mtambo ndio uifungue). Kwenye filamu mtu akagonga mlango upande wa nyuma, na mama mwenye nyumba akageuka akaitikia "karibu".

Kwa hiyo usianze na spika. Anza na filamu yenyewe: imerekodiwa chaneli ngapi? Matangazo ya king'amuzi mara nyingi huja na chaneli mbili, na hapo mtambo wenye Dolby Pro Logic hukisia tu sauti ipi ipelekwe kati na ipi nyuma. Kukisia huko si kubaya, ila mweleze mteja ukweli kabla hajalipa.

Namba zisikutishe. Kwenye 5.1, tano ni kushoto, kati, kulia na mbili za pembeni. Nukta moja ni chaneli ya mtikisiko, inayoishia kama hezi 120, ndiyo maana haihesabiwi kama chaneli kamili. Kwenye 7.1 zinaongezwa mbili za nyuma kabisa. Ukikuta namba ya tatu, mfano 5.1.2, hizo mbili ni spika za juu, mambo ya Dolby Atmos iliyoanza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012.

Dolby Digital na DTS zenyewe ni namna ya kufunga mzigo. Anayeufungua ni dikoda, na asipokuwepo mzigo haufunguki. Televisheni nyingine hazipitishi DTS kabisa: picha inakuja, sauti kimya, na mteja anaapa mtambo umeungua. Mimi niliwahi kurudisha dukani mtambo mzima kwa kosa hilo, na bado linaniuma. Siku hizi nabadilisha kwanza sauti ya filamu kwenda Dolby Digital ndipo niseme neno.

Waya nao una kipimo chake. Ule wa mwanga, wa optiko, unapitisha 5.1 ya Dolby Digital au DTS, lakini hauwezi Dolby TrueHD, sauti isiyopunguzwa ubora. Hiyo inataka HDMI kutoka deki moja kwa moja hadi kwenye mtambo, au tundu la eARC, lile la HDMI linalorudisha sauti kutoka televisheni hadi kwenye mtambo, kama unapitia televisheni. ARC ya kawaida, ile ya zamani, haitoshi.

Kwenye kupanga, wengi wanapigilia spika za pembeni kwenye kona, juu karibu na dari. Mimi naziweka pembeni ya anayekaa, nyuma kidogo ya masikio. Kisha napima kwa futi ya kamba. Sauti hukimbia kama mita 343 kwa sekunde, hivyo sauti ya spika iliyo mita moja kutoka kwenye kochi hufika karibu milisekunde 6 kabla ya ile ya mita tatu. Jaza umbali huo kwenye menyu, mtambo utaichelewesha ya karibu. Kazi ya dakika kumi, na mafundi wengi wanairuka!

Sebule ya marumaru na kuta tupu hurudisha sauti mpaka maneno yanachanganyika. Omba zulia na pazia nzito kabla ya kuongeza sauti ya spika ya kati.

Na ukifanya kazi Mikindani au popote karibu na bahari, kata ncha za waya zilizogeuka kijani, menya shaba mpya, ndipo ufunge.